Mtoto Ametulia

Sayi alimfunga mtoto kwanza, ndipo akawasha moto.

Kitambaa kilikuwa kipande cha khanga kuukuu, amekichana, amekisokota na kukishona pembeni kisifumuke. Ncha moja aliipitisha kiunoni mwa Winnie, juu ya gauni, akapiga fundo mgongoni mahali ambapo mikono ya mtoto haifiki. Ncha ya pili aliifunga kwenye nguzo ya banda. Zamani alikuwa akimfunga kwenye kifundo cha mguu. Kitambaa kikamchubua hadi kidonda kikatunga usaha. Urefu nao alijifunza kwa kukosea. Mtoto aweze kuhama na kivuli, aweze kufika kwenye ndoo ya maji ya kunywa, lakini asifike kwenye majiko, wala barabarani.

"Mama, kaza," Winnie alisema. "Jana kilifunguka."

"Nimekaza."

"Kaza tena. Nisije nikatoka."

Sayi akakaza tena. Mtoto alikuwa katika mwaka wake wa saba, mwembamba, magoti yamejaa makovu. Alifumba macho kwa nguvu, akafumbua, akafumba, shingo ikavutika kuelekea bega la kulia kama mtu aliyeitwa ghafla kutoka nyuma, na sauti ikamtoka: "Nyii!" Kisha akaendelea kuongea pale pale alipokuwa ameachia. Fuso linalokuja lilikuwa tupu, alisema, linalia kitupu. Lile jingine la jana lilikuwa limebeba. Je, mama anajua kwa nini pamba ikiwa nyingi inakuwa nzito na ikiwa kidogo inapeperuka? Je, ng'ombe akimeza pamba anakohoa?

"Sijui, mwanangu."

"Nyii! Mama, nani anajua?"

Banda lilikuwa ng'ambo ya lango la kiwanda cha kuchambulia pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, kwenye barabara ya lami. Ulikuwa msimu. Malori yalikuwa yakiingia kutoka Kasoli na vijijini kote, na kila lililopita liliacha nyuzi nyeupe zimenasa kwenye miiba ya michongoma. Vijana waliopakia marobota walitoka kula saa sita, wote kwa pamoja, wana njaa na hasira ya jua, na asiyekuta ugali tayari alihamia banda lingine na hakurudi. Sayi alipika peke yake. Binti wa kumsaidia aliwahi kuwa naye, akaondoka baada ya wiki moja. Alisema kuosha vyombo anaweza, kumkimbiza Winnie hawezi.

Mume alikuwepo pia, zamani. Nyanda alirudi kwao Mwandoya mwaka ambao mtoto alianza kuvuta shingo. Kabla ya hapo walikuwa wanasema ni mtundu tu. Halali, hakai, hasikii, anapanda juu ya ghala, anafungua ndama waliofungwa. Lakini shingo ilipoanza, na ile sauti, wakwe walikaa kikao. Walisema ng'ombe wao hawakutolewa kwa ajili ya mtoto wa namna hii. Nyanda alimchukua mtoto wa kwanza, wa kiume, akamwachia Sayi huyu.

Mara moja tu kuna mtu aliyemweleza Sayi jambo lililoeleweka. Alikuwa daktari kijana, hospitalini. Alimwacha Winnie azunguke chumba kizima, apande kitanda, ashuke, ajaribu bomba la maji, naye akawa anamwangalia tu bila kukasirika. Alisema hana pepo, wala si kifafa. Alisema ubongo wake unakimbia kuliko breki zake, na ule mvuto wa shingo na ile sauti havitoki kwa kupenda. Ni kama chafya, unaweza kuizuia kidogo lakini lazima itoke. Aliyataja majina yake kwa Kiingereza. Aliandika vidonge. Winnie alivimeza na kwa muda mfupi Sayi aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: mtoto amekaa anakula chakula chake mpaka kikaisha. Vidonge vilipokwisha Sayi alirudi hospitalini. Vidonge hakuna, aliambiwa, labda Mwanza. Daktari je? Daktari amehamishwa.

Siku ile, vijana wakila, karani wa mizani aitwaye Onesmo alikaa benchi la mwisho. Alikuwa mgeni kwenye kituo kile, ameletwa na kampuni, kijana mstaarabu wa shati la kufungwa vifungo vyote. Alimwangalia Winnie aliyekuwa anazunguka nguzo, anazunguka, kitambaa kinajikunja na kujikunjua, "nyii, nyii," huku anawaiga wapakiaji wanavyohesabu marobota.

"Mama, huyu mtoto amekosa nini?"

"Hajakosa kitu, baba. Nikimwachia atakwenda barabarani."

Onesmo alitikisa kichwa. Sayi alikuwa na sahani tatu mikononi. Hakuona kwamba simu ilikuwa imeinuliwa.

Walimfuata siku mbili baadaye, asubuhi, maharage yakiwa jikoni. Afisa ustawi wa jamii, Perpetua, mwanamke wa makamo aliyehamishiwa Simiyu kutoka Bukoba, alishuka kwenye gari pamoja na askari wa kike. Watu wa mabanda ya jirani walisogea. Perpetua alikuwa ameishika simu yake mbele kama tochi, analinganisha banda na picha.

"Ni hapa hapa," alisema.

Alipiga magoti akafungua fundo mwenyewe. Lilimsumbua. Sayi alitaka kumwambia kwamba linavutwa kwa chini, lakini akaona si vizuri. Fundo lilipoachia, Winnie alichomoka kama ndama aliyefunguliwa zizi, akapita katikati ya watu, na ni askari aliyemdaka kwa gauni hatua chache kabla ya lami.

"Mmeona," Sayi alisema. Hakusema kwa ubishi. Ilimtoka tu.

"Panda gari," Perpetua alisema.

"Maharage yangu..."

"Panda gari, mama."

Mama Salu, jirani yake aliyeuza chai na michembe ya viazi vilivyokaushwa, alimwashiria kwa kidevu kwamba ataipua. "Nenda, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Nenda, usibishane nao."

Kwenye ofisi ya dawati la jinsia na watoto kulikuwa na meza, viti vitatu vya plastiki, na bango lenye picha ya mtoto anayecheka. Perpetua alikaa. Askari alikaa. Sayi aliachwa amesimama hadi alipoonyeshwa kiti kwa kalamu.

"Wewe ndiye mama yake?"

"Ndiyo."

"Wa kumzaa?"

"Ndiyo, mama."

"Sheria inasemaje kuhusu mtoto?"

"Sijui, mama."

"Inasema mtoto hafungwi kama mbuzi. Video hii imefika mkoani. Mimi nimeamshwa na simu. Naulizwa, Perpetua, huko kwako mnafanya nini? Nijibu nini?"

Winnie alikuwa amekwisha kufungua droo ya meza na kuifunga, kuifungua na kuifunga. Aligundua kwamba kiti cha askari kina mguu mbovu. Alivuta waya wa feni, feni ikainama.

"Mtulize mtoto tuongee," askari alisema.

"Hatulii, afande. Ndiyo maana nili..."

"Nimesema mtulize."

Sayi alimkamata mkono. Winnie akakaa magotini kwake kwa muda wa pumzi chache, mwili mzima unamtetemeka kwa kujizuia, halafu shingo ikaruka, "nyii! nyii!", kisogo kikampiga mama yake mdomoni, na tayari alikuwa mlangoni, tayari alikuwa kwenye korido. Walisikia ndoo ikianguka. Askari mwingine alimrudisha amemshika begani. Safari hii yule askari wa kike aliinuka, akasukuma mlango, akaufunga kwa komeo la juu.

Perpetua aliliona komeo. Aliangalia pembeni, akafungua mkoba wake, akatoa biskuti, akampa mtoto.

"Nani anakusaidia kumlea?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Hakuna."

"Baba?"

"Yuko Mwandoya. Ana mji mwingine."

"Shule?"

"Walimkataa."

"Hospitali?"

"Walinipa vidonge mara moja. Niliporudi havikuwepo."

Perpetua alisikiliza huku anapapasa paji la uso. Alikuwa na kata nyingi kuliko alizoweza kuzitaja bila kusita, na pikipiki ya ofisi ilikuwa imesimama tangu Pasaka. Sayi hakuyajua hayo. Aliona tu mwanamke msafi aliyechoka, na kwa sababu uchovu ule aliufahamu, akapata ujasiri.

"Sasa, mama, kesho nimweke wapi?"

"Utamweka wapi vipi?"

"Nikiwa napika. Moto uko hapa, barabara iko pale. Nimweke wapi?"

"Huo ni wajibu wa mzazi," Perpetua alisema. Uso ulikuwa umejifunga tena. "Mimi kazi yangu ni kukwambia hivi. Tukikuta amefungwa tena, utafikishwa mahakamani, na mtoto atachukuliwa."

Sayi aliinua kichwa. "Atachukuliwa kupelekwa wapi?"

Aliuliza kwa haraka mno. Alitaka kujua kweli. Kwa kitambo kifupi aliona nyumba mahali fulani, yenye ukuta na uwanja, na mtu wa zamu mwenye vidonge. Akaona mikono yake mwenyewe mitupu. Kisha akaona aibu, joto likampanda shingoni.

Perpetua alidhani ni jeuri.

"Usinijaribu," alisema.

Hata hivyo Perpetua aliahidi kumpigia mwalimu mkuu, na alimpigia. Kesho yake Sayi aliacha kazi akampeleka Winnie shuleni, amemvisha sare aliyoishonesha mwaka uliopita, bado mpya. Mwalimu Sylvester aliwapokea nje ya ofisi, chini ya upenu wa bati, kwa sababu ndani walimu walikuwa wanasahihisha mitihani wakiwa wamesimama.

"Mwadila, mama."

"Mwadila, mwalimu."

Alikuwa Msukuma wa huko huko, mtu wa heshima, nywele zimeanza mvi. Alimshika Winnie kichwa kwa upole kabla hajamponyoka.

"Nimeongea na afisa," alisema. "Na mimi sikukataa mtoto. Nilisema ngoja. Njoo uone."

Akampeleka dirishani. Darasa la kwanza lilikuwa limejaa kutoka ukuta hadi ukuta, watoto wamekaa sakafuni, magoti kwa magoti, hata pa kupitisha mguu hapakuwepo. Mwalimu mmoja alikuwa amebanwa ubaoni.

"Mwanao alikaa hapa. Akisema 'nyii', wote hao wanasema 'nyii'. Mwalimu anafanya nini? Anamchapa. Akimchapa, anasema 'nyii' zaidi. Wewe ulikuja ukaona mapaja yake."

"Niliona."

"Mimi sikupenda. Lakini kuna upimaji wa taifa. Shule ikishika mkia naitwa mimi, natajwa jina mbele ya watu. Hakuna atakayeniuliza nina watoto wangapi humo ndani." Alimgeukia. "Kuna shule za watoto wenye mahitaji maalumu."

"Hapa Bariadi?"

"Hapa hapana."

Winnie alikuwa ameshaning'inia kwenye kengele ya shule, kipande cha chuma cha gurudumu, anakigonga kwa jiwe. Watoto wa madarasa yote walianza kutoka mbio wakidhani ni mapumziko. Mwalimu Sylvester hakupiga kelele. Alimtazama Sayi tu, mikono ameinyoosha pembeni.

"Muhula ujao," alisema. "Tutaangalia."

Kwa hiyo alirudi naye bandani bila kitambaa. Siku ya kwanza Mama Salu alimshika mtoto kwa zamu, akamwimbia, akampa michembe ya kutafuna, mpaka Winnie akamwaga birika la chai moto na mguu wa jirani huyo ukababuka. Mama Salu hakulalamika. Alipaka asali, akahamisha meza yake upande wa pili wa lango, mbali kidogo. Siku iliyofuata Winnie alimwagia mpakiaji mmoja mchuzi mgongoni. Siku nyingine Sayi alipika kwa mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto. Ugali ukaungua, vijana wakaonja, wakaacha sahani, wakavuka barabara. Alimpiga. Alimpiga kwa mwiko, kwenye makalio, zaidi ya alivyokusudia, na Winnie hakulia, alifumba macho, akafumbua, shingo ikavutika, ikavutika, ikavutika, na kila ilipovutika alisema, "Samahani mama, nyii, samahani, nyii, sitaki, inatoka yenyewe."

Sayi aliweka mwiko chini. Alikaa juu ya gunia la mkaa akaangalia barabara. Alifikiri, bila hasira yoyote, kwamba kama lori lingemchukua yeye mwenyewe asubuhi ile angepumzika. Kisha sufuria ikachemka, akainuka.

Juma lililofuata Winnie alitoka mbio kufuata Fuso lililokuwa linaondoka tupu. Alitaka kuona kama sauti yake inabadilika likiongeza mwendo. Ndivyo alivyoeleza baadaye. Bodaboda ilikuwa inakuja kwa kasi na abiria. Dereva alikata usukani kumkwepa, pikipiki ikalala, ikaburuzika kwenye lami na kutoa cheche. Abiria alivunjika mkono. Winnie alisimama katikati ya barabara bila jeraha, macho yanapepesa, "nyii, nyii, nyii," haachi, na watu wakamzunguka Sayi.

"Mama gani wewe!"

"Unataka atuue?"

"Mtoto kichaa anaachwaje hivi?"

Onesmo alikuwepo, ametoka mizani mbio, shati limetoka kwenye suruali. Alikuwa amemwinua yule abiria, damu imemtapakaa mkononi.

"Mama," alisema kwa nguvu ili wote wasikie, "kama huwezi kumwangalia, si umfunge?"

Sayi alimwangalia. Alitafuta usoni mwake kama anakumbuka. Hakuwa anakumbuka. Alikuwa kijana aliyeogopa, basi.

Jioni ile alipita duka la dawa la Dastan, karibu na stendi. Winnie aliwahi kuugua mafua wakati wa mvua, na Dastan aliwapa dawa ya maji, tamu, rangi ya waridi. Sayi alikumbuka jinsi mtoto alivyolala baada yake, tangu asubuhi mpaka jua linazama, akawa anamtikisa kila mara kwa hofu.

"Naomba ile dawa ya mafua."

"Ya mtoto?"

"Ndiyo."

Dastan alichungulia chini ya kaunta. Winnie alikuwa anapanga maboksi ya sabuni, anayapangua, pua kavu kabisa, macho yanang'aa.

"Huyu ndiye ana mafua?"

"Usiku," Sayi alisema. "Yanambana usiku."

Dastan alikuwa ameiona ile video kama kila mtu. Alikuwa amesikia habari za bodaboda. Alichukua chupa kwenye rafu, akaipangusa vumbi kwa kidole gumba.

"Usimzidishie," alisema. "Na si kila siku."

"Si kila siku."

Asubuhi alimpa kabla hajawasha moto. Winnie alilamba kijiko, akaomba kingine kwa sababu ni tamu. Sayi alisita, akampa. Alikuwa bado anauliza kuhusu abiria, kama mkono wake utaota tena au utabaki hivyo, na katikati ya swali ulimi ukawa mzito. Akaja mwenyewe kuegemea paja la mama yake. Sayi hakukumbuka ni lini mtoto huyu alimwegemea. Alimlaza juu ya magunia chini ya meza, akamfunika khanga.

Siku ile alipika kama watu wengine wanavyopika. Hakugeuka kuangalia barabara. Vijana walirudi mmoja mmoja, wakala, wakaomba nyongeza, na mmoja akasema, mayu, leo mchuzi umekaa. Mchana vyombo vikiwa vimeoshwa, mikono yake ilikosa la kufanya. Akachuchumaa chini ya meza akamsuka Winnie nywele, kichwa chote, mstari kwa mstari, kitu ambacho hakuwahi kukimaliza tangu mtoto aanze kutembea. Kichwa kilikuwa kizito mikononi mwake na kilikaa popote alipokiweka. Shingo haikuvutika. Alipomaliza alikaa akauangalia ule utulivu, na machozi yakamshuka. Hakujua kama ni ya kupumzika au ya kitu kingine, na hakuwa na nguvu ya kuyachunguza.

Alimwambia Dastan si kila siku. Lakini pamba ilikuwa inaingia kila siku.

Winnie aliamka jioni, mdomo mkavu, akatembea kwa kuyumba. Mwanzoni alirudia maswali yake usiku. Kisha yakapungua. Malori yalipopita hakusema lipi limebeba na lipi tupu. Alikula kidogo, akauliza, "Mama, kumekucha?" hata wakati jua lilikuwa linazama. Mama Salu alirudisha meza yake mahali pa zamani, mguu umepona. Aliangalia chini ya meza ya Sayi, akaangalia chupa iliyokuwa nyuma ya unga, akafungua mdomo kusema neno. Kisha akaitwa na mteja wa chai, na aliporudi hakulisema.

Msimu ulikuwa umekaribia kuisha Perpetua alipokuja tena. Safari hii kulikuwa na magari mawili na wageni kutoka mkoani, waliokuwa wanatembelea kazi za ulinzi wa mtoto. Wanaume wawili wa makoti na mwanamke mwenye kamera. Sayi alipowaona wanashuka, mguu wake ulisukuma chupa nyuma zaidi, wenyewe, kabla hajafikiri.

"Ndiye huyu," Perpetua aliwaambia wageni. Alikuwa amevaa vizuri, na alionekana kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu ana kitu cha kuonyesha. "Yule mama wa ile video. Tulikaa naye, tukampa elimu, tukafuatilia. Mtoto yuko wapi, Mama Winnie?"

"Amelala."

Perpetua aliinama chini ya meza. Aliinua khanga kwa ncha za vidole. Akaona kiuno hakina kitambaa, nywele zimesukwa, uso safi. Alipoinuka macho yake yalikuwa yamelainika kweli.

"Ametulia," alisema.

"Ametulia," Sayi alijibu.

"Mnaona?" Perpetua aliwageukia wageni. "Wazazi wetu hawana roho mbaya. Ni elimu tu."

Mmoja wa wale wa makoti alitingisha kichwa kwa kuridhika. Aliuliza shule anasoma ipi, na Perpetua akasema utaratibu unaendelea, muhula ujao. Aliuliza kuhusu matibabu, na Perpetua akasema ameshaunganishwa na hospitali. Hakuna aliyemuuliza Sayi.

"Tupate picha ya mama na mtoto," mwanamke wa kamera alisema. "Mwamshe kidogo."

"Amechoka," Sayi alisema.

"Kidogo tu, mama. Akae akuangalie."

Sayi aliingia chini ya meza akamtoa. Alimpakata. Kichwa cha Winnie kikaanguka nyuma, mdomo ukafunguka, mkono mmoja ukaning'inia hadi vumbini. Sayi akauokota ule mkono akauweka tumboni. Ukaanguka tena.

"Ana usingizi mzuri huyu," alisema mgeni wa pili, akacheka kidogo.

"Basi mwache hivyo hivyo," Perpetua alisema. "Mtoto akilala namna hii ana amani. Mama, angalia huku. Tabasamu."

Kamera ikalia mara kadhaa. Wakampa Sayi mkono, mmoja baada ya mwingine, na ilimbidi amshikilie mtoto kwa mkono wa kushoto ili kuwapa wa kulia. Perpetua ndiye wa mwisho. Alimkaza vidole, akasema kwa sauti ya chini, ya mwanamke kwa mwanamke, "Umeniheshimisha." Magari yakageuka langoni, yakayapisha malori mawili ya pamba, yakaondoka.

Sayi alibaki pale pale chini, ameegemea nguzo. Jua lilikuwa la mchana na mwili wa Winnie ulikuwa wa baridi kidogo mikononi. Alimwita jina. Alimwita tena, karibu na sikio. Kisha akaweka mgongo wa kiganja chake mbele ya pua ya mtoto na kungoja. Upepo wa barabara ulikuwa unavuma, unapeperusha nyuzi za pamba, na hakuweza kujua anachokisikia kwenye ngozi ni upepo au ni pumzi.

"Mayu!" kijana mmoja alimwita kutoka kwenye benchi, akigonga sahani kwa kijiko. "Ugali, mayu, tunachelewa!"

Alilamba mgongo wa kiganja ukalowa, akaurudisha pale pale puani, akangoja.